Sofa za Watoto wa Wenzangu

Ukishona vitu vidogo kwa muda mrefu, macho yanazoea udogo, na ukija kuinua kichwa unakuta dunia nzima imezidi ukubwa. Hivyo ndivyo ninavyozikumbuka siku zile. Ninainua kichwa kutoka kwenye sofa inayoenea kiganjani, natazama nje, naona makabati ya mafundi wa mtaa wetu wa Keko yamepangwa kando ya barabara, vitanda vimesimamishwa wima, vioo vya meza za kujipambia vimejaa mawingu na miguu ya wapita njia, na ninajiuliza ni majitu gani hayo yatakayokuja kulala humo. Kisha mtu anapiga honi, nami narudi kuwa fundi sofa, mke wa seremala, mama wa binti mmoja wa darasa la pili.

Kazi tumegawana na mume wangu. Yeye anaunda fremu, mimi naivisha: nakata sponji, nashona kitambaa, nabana vifungo. Banda letu liko nyuma kidogo ya barabara, na kwenye saa za mchana, jua likipenya matundu ya bati, chembe za sponji na vumbi la mbao huelea mle ndani bila kutua. Kuna watu wanakohoa wakiingia. Mimi hunitia usingizi mtamu, ule wa macho wazi, mguu ukiwa kwenye cherehani na akili ikiwa imekwenda inakokwenda.

Binti yetu tulimpeleka shule ya binafsi, yenye basi na sweta, na shule ikaniingiza kwenye grupu la wazazi kwenye simu. Wanaliita la wazazi lakini sijawahi kumwona baba humo. Asubuhi, kabla sijabandika chai, tayari kuna picha: karoti imekatwa umbo la nyota, chapati imekatwa umbo la moyo, mama na mwana wanasoma kitabu kitandani wakiwa na nguo za kulalia zinazofanana. Wenzake wanammwagia vijipicha vya maua na kumwita supamama. Na mimi nilikuwa naweka ua langu. Kisha namwangalia mwanangu anavyokula wali wa jana kwa raha zake zote, na ule wali, ambao dakika iliyopita ulikuwa wali tu, unaanza kunisuta.

Mwenyekiti wa grupu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya redio. Kila Jumatatu alikuwa anatuma nasaha kwa sauti. Mpe mtoto muda. Mtoto hatakumbuka ulimnunulia nini, atakumbuka ulikaa naye. Mara unasikia nyuma yake maji ya bomba yanamwagika kwenye beseni, mara mtoto analia, na yeye anaendelea taratibu kama hasikii. Nilikuwa namsikiliza huku nashona, na naapa nilikuwa namwamini.

Basi siku moja mwalimu wa darasa akatuma ujumbe: kila mtoto atengeneze kifaa kimoja kinachopatikana nyumbani kwao, akitengeneze kwa mikono yake mwenyewe, kwa vitu vilivyokwisha kutumika, na wazazi wote waje kwenye maonyesho. Mwenyekiti akaongezea palepale kwamba jamani tusiwafanyie, tuwaache watoto wajenge kujiamini. Nikaweka ua.

Binti yangu akaamua kutengeneza kiti. Alitafuta boksi la sabuni, akakata, akabandika vizibo vya soda vikawa miguu, akaokota sponji chini ya meza yangu akaitia ndani ya soksi iliyopotelewa na mwenzake, ikawa mto. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na hakuna aliyewahi kujua nilivyoteseka. Gundi inamwagika nisiseme. Anakata upande mmoja mrefu kuliko mwingine nisiseme. Mikono inawasha, nikaikalia. Kiti kilipoisha kiliegemea upande, kama mtu anayesikiliza maneno ya nyumba ya jirani, na yeye akakizunguka akikitazama bila kucheka. Nilikipenda kile kiti. Nilimwambia ni kizuri, na nilikuwa nasema kweli, nikalala nikijiona na mie mama wa kwenye grupu.

Haikupita muda mwenyekiti akaja bandani.

Aliacha gari mbali, akaja kwa miguu akikwepa matope, mtandio ameuvuta mpaka karibu na macho. Nilimjua alipofungua mdomo. Yeye hakunijua, kwa sababu kwenye mikutano nakaa nyuma na kwenye simu mimi ni picha ya ua.

"Dada, habari za kazi," akasema. "Nina ishu ndogo. Nataka sofa, lakini ndogo, ya kukaa mezani."

"Ya mwanasesere?"

"Ya shule." Akageuka kuangalia nyuma. "Nilimwachaga afanye mwenyewe. Sista, ungeona alichofanya ungelia. Sasa watu watasema mama yake yuko wapi? Nishonee nzuri, ila isiwe nzuri sana. Ionekane kafanya mtoto. Na tafadhali, iwe siri yetu."

Ulimi uliniwasha kumwambia mie mwenzio, mwanangu yuko darasa hilohilo. Nikamwangalia vidole, alikuwa anavivuta kimoja kimoja mpaka vinalia, nikaona nitamwaibisha bure. Nikachukua vipimo.

Baada yake akaja mwingine, akitaka kitanda chenye kichwa cha vifungo. Mwingine akaleta picha ya sofa ya kona. Mwingine akataka meza ya kujipambia yenye kioo, hiyo nikamwachia mume wangu. Wote walikuja peke yao, wote kwa mwendo uleule wa kunyata, na kila mmoja aliniapisha nisimwambie mtu, akiamini kabisa kwamba katika darasa zima ni yeye tu ambaye mtoto wake kashindwa. Mume wangu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Mama," ananiambia, "tuandike kibao nje, fanicha za vibwengo."

Mimi nilikuwa nacheka naye, lakini si kwa wote. Mmoja alikuja mchana wa jua kali akiwa na sare ya kazini na viatu vya kubana. Nilimkaribisha kwenye sofa iliyokuwa inasubiri kitambaa, nikageuka kutafuta futi ya kupimia, na niliporudi amelala. Mdomo wazi, mkoba kaukumbatia, sponji zinamtua kwenye nywele. Nikazima redio. Nilimshonea mtoto wake sofa nzima mama akiwa amelala pale, na mchana ule ulikuwa mtulivu kiasi kwamba nilisikia uzi ukipita kwenye kitambaa. Alipozinduka alinitazama kama hanifahamu, kisha akasema, "Nimeota nimechelewa kumchukua mtoto shuleni, nikakuta wameshampa mama mwingine." Tukacheka wote wawili, na nilimwona akijifuta macho na pembe ya mtandio.

Kushona vibaya makusudi ni kazi ngumu, mtu asikudanganye. Mkono unakataa. Nilikuwa napinda mshono hapa, naacha uzi unaning'inia pale, kwa uangalifu uleule ninaoshonea sofa za harusi. Na kwa sababu tulikuwa tumetoka kumaliza viti vya ukumbi mmoja, kitambaa nilichokuwa nacho karibu kilikuwa cha maruni, basi karibu vyote nikavivisha maruni. Sikuwaza. Nilikuwa nimeshaingia kwenye ndoto yangu. Nilikuwa naona humo watu wadogo, mama mmoja wa ukubwa wa kidole gumba, amejitupa kwenye sofa ya maruni, miguu juu, na hakuna mtu anayempiga picha wala kumuuliza mtoto kala nini. Nilikuwa namshonea yeye, kusema kweli. Nilikuwa nabana vifungo vizuri asije akaumia mgongo.

Binti aliwaona wateja wawili watatu wakiingia kwa kunyata, lakini sofa zenyewe hakuziona. Nilishona akiwa shule, na kabla basi halijamshusha nilizifunika shuka, maana siri za watu ni siri za watu.

Siku ya maonyesho nilivaa gauni la sikukuu, nikaenda. Ukumbini walikuwa wamepanga meza kwa mstari na vitambaa vyeupe, na nilipoingia nikasimama palepale mlangoni. Ilikuwa Keko. Ilikuwa barabara yetu yote, imekuwa ndogo, imehamia mezani: sofa ya maruni, kitanda cha maruni, sofa ya kona ya maruni, kijimeza cha kioo kinaakisi feni ya darini. Na kati ya maruni na maruni, kiti cha boksi la sabuni kimeegemea upande.

Akina mama walikuwa wanaingia wakitabasamu, kisha tabasamu linakwama. Wanaangalia sofa yao, wanaangalia ya jirani. Wanahesabu vifungo kwa macho. Halafu mmoja mmoja wakaanza kuniona mimi nimekaa nyuma na gauni langu, fundi, mzazi mwenzao, na nikaona nyuso zinabadilika kuanzia mbele kuja nyuma. Mwenyekiti aliniangalia kama mtu anayeomba maji. Nikamwinamishia kichwa kidogo, kumwambia usihofu.

Mwalimu mkuu, mama mtu mzima mpole, wa kuamkiwa na kila mtu, alipita meza kwa meza, mikono nyuma. Alifurahi, yule mama. "Hapa naona mzazi aliyekaa na mwanawe," akasema kwenye sofa ya kwanza. "Na hapa pia. Angalieni mshono! Mtoto na mama, bega kwa bega." Makofi. Watoto walikuwa wamesimama nyuma ya vifaa vyao, na alipowauliza walifanyaje, walijibu vizuri sana, nilikata, nikashona, mama akanishikia uzi. Walikuwa wamefundishwa na wakafundishika.

Akafika kwa wangu.

"Na wewe, mjukuu wangu, umetengeneza nini?"

"Kiti."

"Nani kakusaidia?"

"Nimefanya mwenyewe."

"Mama hakukaa na wewe?"

Binti yangu alifikiri kidogo. Yeye huwa anafikiri kabla ya kujibu, hata ukimuuliza kama ameshiba. "Mama alikuwa na kazi," akasema.

Mwalimu mkuu akamshika kichwa, akatugeukia ukumbi mzima, hakumtazama mtu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Wazazi wenzangu," akasema kwa upole, "kazi haziishi. Lakini hawa wanakua. Tuwape muda." Watu wakapiga makofi, wasiojua siri kwa nguvu, wale waliokuja bandani kwa ncha za vidole.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Kila kilichosifiwa mle ndani kilipita mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nafundishwa umama. Nilishasimama. Naapa nilishasimama, maneno yako mdomoni, na mwenyekiti amefumba macho anasubiri yamwangukie. Ndipo nikamwona mwanangu. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ameinamia sofa ya jirani yake, uso karibu kugusa kitambaa, anapitisha kidole kwenye vifungo. Akahamia ya pili. Akapinda shingo akachungulia chini, pale ninapofungia uzi kwa mtindo wangu. Mtoto huyu amelelewa chini ya cherehani ile, alikuwa akilala kwenye vipande vya sponji hata kabla hajajua kukaa. Hakuna wa kumdanganya kuhusu mkono wangu. Alinyanyua kichwa akaitazama meza yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kisha akakitazama kiti chake.

Nikakaa. Hasira iliondoka yote, na kilichobaki mahali pake kilikuwa hofu.

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa limelegea, mafundi wanapaka vanishi kwenye vitanda nje, harufu imetanda njia nzima, na mbele yetu kioo kikubwa kilikuwa kinabebwa na watu wawili, kwa hiyo kwa muda mrefu tulitembea tukijitazama wenyewe tunakuja, mama na gauni la sikukuu na mtoto kabeba kiti cha boksi kifuani. Kioo kikakata kona, tukatoweka.

"Mama, zile sofa ulishona wewe?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Meza ya kioo ni ya baba yako."

Akakipandisha kiti kifuani. "Mbona mie hukunishonea?"

Nikamwambia mwalimu alisema kila mtoto afanye mwenyewe. Nikamwambia kiti chake ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, na ndicho nilichokipenda.

"Na wao mwalimu aliwaambia hivyohivyo," akasema. Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anataka kuelewa. Ningemwambia nini? Kwamba nilimwacha afanye mwenyewe kwa sababu nampenda, na wenzake nikawashonea kwa sababu mama zao wanawapenda? Hata mimi nilipojisemea moyoni sikujielewa.

Bandani hapakuwa na mtu, baba yake alikuwa amekwenda kupeleka kabati. Nilivua viatu, nikakaa kwenye cherehani kwa mazoea tu, bila kazi. Yeye alikiweka kiti chake juu ya meza ya kukatia, akatoka nje. Nikadhani amekwenda kucheza.

"Hodi humu!"

Alikuwa amesimama mlangoni. Amejitanda kipande cha shuka mpaka karibu na macho, mkono mmoja umeshika mkoba ambao haupo. Akageuka kuangalia nyuma, akaangalia na barabarani, kisha akaingia kwa kunyata.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. "Karibu, dada," nikasema.

Akakaa kwenye stuli, akakunja miguu kiutu uzima. "Habari za kazi, fundi? Nimeleta kazi ya mtoto wangu. Nataka sofa."

"Mwanao yuko darasa la ngapi?"

"La pili. Yeye katengeneza kiti, lakini wenzake wote mama zao wamewashonea."

"Wewe hujui kushona?"

"Najua," akasema, kisha akatafuta namna ya kuendelea. "Najua sana. Ila nakuwaga na kazi za wateja."

Chembe za sponji zilikuwa zinapita kati yetu kwenye mwanga, yeye akazifuata kwa macho kidogo, halafu akakumbuka yeye ni nani na akanyoosha mgongo. Nikamuuliza urefu anaoutaka. Akanionyesha kwa mikono. Nikamuuliza kama anataka ionekane kafanya mtoto. Akakataa kwa kichwa. "Hapana. Ionekane kafanya mama yake."

Nikainuka kwenda kwenye gunia la vipande, na nilishukuru kwamba liko pembeni, nimpe mgongo. Rangi sikumuuliza. Hiyo angalau niliijua, mama gani asiyejua rangi ya mwanawe? Nikaingiza mkono mpaka chini, nikatoa kipande cha njano, njano nzuri ya mahindi, nikaja kumtandikia magotini.

Alikishika kama wanavyoshika wateja, akakigeuza ndani na nje, akakivuta kuona kama kinaachia.

"Njano alikuwa anaipenda zamani," akasema. "Alipokuwa mdogo. Sasa hivi ni zambarau." Kisha akaniona uso wangu, akaharakisha, na sauti yake ikawa ya mwanamke anayemwonea huruma fundi aliyechoka. "Lakini weka tu hiyohiyo, dada. Usijisumbue. Mtoto mwenyewe hawezi kusema kitu."

Nikakichukua kile kipande mikononi mwake. Nikalivuta gunia mpaka katikati ya banda, nikalimwaga lote chini, nikapiga magoti, naye akateremka kwenye stuli, tukaanza kutafuta zambarau.